Ukikabidhiwa Pesa za Darasa

Ukichaguliwa mweka hazina wa darasa katika kozi ya usimamizi wa biashara pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, maadili ya uongozi hayatakungoja mpaka yafundishwe. Yatakufikia kwenye simu, mara tu michango ya safari ya masomo itakapoanza kuingia. Chuo chenyewe ni zao la michango: kilipoanza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, waliochangia ni pamoja na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Wao walikuwa na makarani. Wewe una laini ya simu, basi tuanzie hapo.

Usipokee michango kwenye laini yako ya kila siku. Hakuna anayekushuku wizi. Tatizo ni Fuliza, ile huduma ya kukopa ya M-Pesa. Ukiwa na deni lake, pesa yoyote inayoingia M-Pesa hukatwa kwanza kulilipa. Mwenzako ametuma 300 za basi, wewe uko darasani huna habari, na 300 zake zimeshalipia viazi karai ulivyokula juzi. Hakuna aliyeiba, lakini pesa haziko. Sajili laini nyingine, usiifungulie Fuliza, na usiitumie kununulia hata bando.

Tuseme mko 40, kila mtu katoa 300, mnakwenda kuona kiwanda Mariakani. Zimeingia 12,000. Basi 9,500, maji 1,200, zimebaki 1,300. Yaandike hivyohivyo kwenye kundi la WhatsApp siku ileile, pamoja na picha ya risiti. Dereva hana kitabu cha risiti? Andika wewe kwenye karatasi, atie sahihi na namba ya gari. Fitina haitoki kwenye zile 9,500, hutoka kwenye 1,300 zilizobaki. Uliza darasa zifanyiwe nini kabla hujazigusa, hata kama ni kwa soda ya wote.

Wakati wa kuchanga, tangaza jumla tu. Kubandika majina ya wasiolipa ni ukatili: kuna anayesubiri mkopo wa HELB na nauli ya kesho hana. Mfuate pembeni, mpe muda. Ila huruma iwe na mpaka: rafiki akikuomba umtilie sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, kataa mara ya kwanza. Ya pili utakuwa karani wake.

Kazi za kikundi zina mtego wake. Mhadhiri akiwatuma kuhoji wenye biashara Mji wa Kale, watakuwepo watakaokaa kivulini wajaze hojaji 20 kwa kalamu tatu za rangi tofauti. Ukiwa kiongozi wa kikundi, usihubiri. Panga kazi iwe rahisi kufanyika kuliko kughushika. Wagawe wawili wawili, kila jozi na kipande chake cha Ndia Kuu. Nendeni baada ya alasiri, na Ijumaa adhuhuri msijaribu kabisa. Anzeni na salamu kamili, mwonyeshe kitambulisho cha chuo, kisha swali. Mzee wa duka akisikia “mapato” huwaza kodi ya KRA, kwa hivyo mwulize ni miezi gani biashara hulala; atazungumza mpaka mchoke kuandika. Akikataa, andikeni amekataa. Idadi ya waliokataa nayo ni matokeo ya utafiti.

Uchaguzi ukija, jua kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 wanafunzi huchagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaochagua viongozi wa baraza la wanafunzi. Nadhani sheria hiyo iliwarahisishia wenye pesa: wapigakura wakiwa wachache, sufuria moja ya biriani inatosha. Ukiwa mjumbe na mgombea akakualika, nenda umsikilize, ila chakula chako kilipie mwenyewe, tena mbele yake.

Muda wako wa uweka hazina ukiisha, usimkabidhi mrithi ile laini ya michango, maana imesajiliwa kwa kitambulisho chako na lolote litakalofanyika juu yake litaulizwa kwako. Mbele ya mashahidi wawili, mtumie salio lote kwenye laini yake mpya. Pakua taarifa ya M-Pesa ya kipindi chako chote, iweke kwenye kundi, halafu uifunge laini.