Amepiga Maji, Amevaa Miwani

Kiswahili kina neno moja wazi la kumtaja mtu aliyezidiwa na pombe: amelewa. Lakini ni mara ngapi twalisikia nyumbani mwetu? Twasema amepiga maji, au amepiga mtindi, au amevaa miwani. Yafaa tuyachungue maneno haya, maana watoto huyasikia, na mara nyingi husemwa mbele yao ili wasifahamu.

Tuanze na “kupiga maji”. Kitenzi “kupiga” hubeba mambo mengi yasiyo na fimbo wala ngumi: twapiga pasi, twapiga mbizi, twapiga magoti. Basi mwenye kupiga maji hakuonja tu. Amelishughulikia jambo lake kwa bidii. Tena pombe imefichwa ndani ya jina la kitu kisicho na hatia. Mtindi nao ni maziwa yaliyosukwa yakatolewa siagi, chakula cha watoto. Kuyasingizia maziwa hayo makosa ya pombe ni mzaha mkali kuliko tudhanivyo.

“Kuvaa miwani” kuna picha iliyo bora zaidi. Azima miwani ya mzee asiyeona vizuri, uivae, kisha ushuke ngazi: ardhi yaonekana karibu, mguu wainuliwa mno, nawe wakanyaga hewa. Ndivyo atembeavyo mlevi. Mama akisema, “Baba yenu leo amevaa miwani,” amesitiri aibu ya mumewe, nami simlaumu. Ila mtoto amtazamaye baba usoni asione miwani yoyote, amekwisha tambua kwamba kuna jambo lisilosemwa, na pengine fedha za karo zimekwenda pamoja nalo.

Maneno ya kukoleza hayana huruma hiyo. Kwenda chopi ni kuchechemea; aliyelewa chopi ndiye aendaye upande upande. Aliyelewa chakari hata huko kuchechemea hawezi.

Na “kulewa” kwenyewe? Watu wa pwani hulitumia neno hilo hata kwa abiria asiyeonja kitu: mawimbi yakimzungusha kichwa, husema bahari imemlevya. Kulewalewa ni kuyumba, kama chombo majini. Ajabu ni kwamba Kitabu cha Methali, katika sura ya 23, chamfananisha mlevi na mtu alalaye katikati ya bahari, juu ya mlingoti. Waebrania na Waswahili hawakuazimana picha hiyo; kizunguzungu ni kile kile.

Wako wanaodhani kwamba “Mgema akisifiwa tembo hulitia maji” yakemea ulevi. La, yakemea sifa zinazomharibu fundi. Hata hivyo ina somo la sarufi: ile “li” yatuonyesha kwamba tembo hapa ni kileo cha mnazi, wala si ndovu, ambaye angesemwa kwa “m”.

Hayo ni ya kwetu. Mvinyo ni neno la Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498, nalo limeenea hata kwa vileo vikali. Divai ni Kifaransa, “du vin”, lugha ya Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Altareni twasema divai. Katika misemo yote ya walevi niliyoitaja hapo juu, neno hilo halimo.