Kabla ya kumuua majimoto, muulize anafanya kazi gani

Wenzetu wa kozi nyingine hutuita "watu wa dawa", eti kazi yetu ni kujua cha kupulizia. Dawa ni sura ya mwisho kabisa. Ya kwanza ni kujua nani yuko juu ya mti na anafanya nini huko, na hiyo niliielewa Ndundu, pale Daraja la Mkapa linapovuka Mto Rufiji, nilipokwenda mafunzo kwa vitendo.

Mzee aliyenipokea shambani kwake alitaka kitu kimoja tu: "Mjukuu wangu, niletee dawa ya majimoto. Vijana wanakataa kupanda mwembe." Ana haki. Wakikushukia shingoni si mchezo: wanang'ata, halafu wanamwagia tindikali pale pale palipong'atwa.

Sasa mtazame huyo mng'ataji. Ni Oecophylla longinoda, chungu anayeshona majani yawe kiota kwa hariri ya watoto wake; kibarua humbana buu mdomoni na kumpitisha huku na huku kama sindano. Na ni mwindaji. Mbu wa mikorosho, anayefyonza machipukizi mpaka yakakauka meusi, hukosa nafasi kwenye mti wenye majimoto wengi. Vivyo hivyo mbu wa minazi, anayetoboa vidaka vikapukutika. Huyu wa pili kitaalamu ni Pseudotheraptus wayi, jina lililotokana na M. J. Way, aliyewachunguza chungu hawa kwenye minazi ya Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wachina nao walikuwa wakiweka ndugu yake majimoto kwenye michungwa tangu karne ya 4.

Lakini majimoto ana adui: Pheidole megacephala, chungu mdogo mwenye kichwa kikubwa anayeishi ardhini. Huyo akitawala shina, majimoto hufukuzwa na mbu hurudi. Na hapa pana jambo linaloudhi wapenda usafi: shamba lililopaliliwa likabaki jeupe humsukuma Pheidole apande mtini. Ukiacha majani kiasi chini, hao wawili huweza kuishi jirani.

Basi tulifunga kamba kutoka mkorosho hadi mkorosho, majimoto wapite bila kushuka chini. Kuhamisha viota kunawezekana pia, ila viwe vya kundi moja. Ukichanganya makundi wanauana wenyewe, na kazi yako imekwisha.

"Na wachumaji je?" Mzee hakulisahau swali lake. Kwenye korosho ni rahisi, maana hudondoka zenyewe zikaokotwa chini. Embe ndiyo kazi. Nilimweleza habari ya kujipaka majivu mikononi na miguuni, akacheka: "Hayo majivu uanze kujipaka wewe." Tukakubaliana mikorosho isipuliziwe. Mwembe wa uani bado tunabishana.