Kwa Nini Mbegu Chotara Hazirudiwi Kupandwa

Tangu mahindi chotara ya Kitale yalipoanza kutolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1964, wako waliojaribu kupanda tena punje za mavuno yao. Msimu wa pili mimea haikulingana, na magunia yakapungua. Sababu ni hii. Seli ya mmea wa mahindi ina kromosomu 20, yaani jozi 10: nusu za baba, nusu za mama. Chavua na mayai yanapofanyika, kila jozi hutengana kwa namna yake. Kwa hiyo michanganyiko 1,024 huwezekana. Tena, kabla ya kuachana, kromosomu hubadilishana vipande. Basi punje za hindi moja ni ndugu, wala si pacha. Mkulima na anunue mbegu mpya kila msimu.