Kwa ndege hadi St Helena

SWALI: Nasikia kisiwa cha St Helena sasa kinafikika kwa ndege. Waliokwenda wanasemaje? Nifunge safari?

JIBU: Nenda, ila usiende na ratiba iliyobana.

Hadi 2017 njia ya kawaida ilikuwa meli, siku tano hivi baharini kutoka Cape Town. Oktoba mwaka huo Airlink ilianza safari za kila wiki kutoka Johannesburg, na mwendo ukawa wa saa chache. Uwanja wenyewe ulipaswa kufunguliwa 2016, lakini upepo unaogeuka ghafla karibu na njia ya kurukia ukauchelewesha, magazeti ya Uingereza yakaubeza kuwa hauna maana kuliko vyote duniani. Kejeli hiyo ilipita kiasi.

Upepo lakini haujahama. Ndege huweza kuchelewa au kughairiwa, na wageni wengi hulalamikia hilo kuliko nauli, ambayo nayo si haba. Wapo pia wanaoililia meli: walizoea kufahamiana na wenyeji kabla hata ya kukiona kisiwa. Nawaelewa, ingawa mgonjwa anayewahi hospitali ya bara hana muda wa mazoea hayo.

Wengi huenda kuona alikofia Napoleon mwaka 1821. Wewe mtu wa pwani una sababu nyingine: Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar alihamishiwa huko na Waingereza, kabla ya kufia Mombasa mwaka 1927.

Acha siku za ziada Johannesburg unaporudi, na bima yako itaje ucheleweshaji wa ndege.