Mazoezi ya Mwili: Anzeni Kidogo, Mdumu



Kila Januari barabara zetu hujaa watu wanaokimbia alfajiri. Kwaresima ikifika, wengi wamekwisha kurudi kitandani. Viatu vya raba vimesukumwa chini ya kitanda, na mume na mke hawataki hata kuvitaja.

Chukueni mfano wa mume aliyeambiwa na daktari kwamba ana shinikizo la damu. Mkewe anaingiwa na hofu, maana watoto bado wadogo. Anamhimiza akimbie. Mume anakimbia siku tatu, magoti yanavimba, anaacha. Baada ya hapo kila mlo unakuja na lawama: "Wewe hujipendi, wala hutupendi sisi." Mume naye ananyamaza, na siku nyingine anachelewa kurudi nyumbani makusudi. Hapo ugonjwa haujapungua, na amani imeondoka.

Kosa halikuwa uvivu. Alianza na mzigo mkubwa kabla mwili haujazoea. Mazoea hujengwa polepole kuliko tunavyodhani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka wa 2009 utafiti juu ya watu 96 waliochagua jambo dogo la kufanya kila siku kwa wiki 12. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kufanyika bila kujilazimisha. Wapo waliohitaji siku 18 tu, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Tena waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Basi mwenzio akilala siku moja, usimhesabie.

Jambo lililowasaidia watu hao ni kufungamanisha tendo jipya na lile wanalolifanya tayari kila siku. Nanyi fanyeni hivyo. Msiseme, "Tutatembea tukipata nafasi," kwa sababu nafasi haipatikani. Semeni, "Tukimaliza chai ya saa kumi na moja, tunatoka." Anzeni na dakika kumi, hata kama mnajiona mnaweza saa nzima.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano au zaidi, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili. Mazoezi ya wastani ni yale yanayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Mwongozo huo unahesabu pia kazi za nyumbani na za shambani. Kwa hiyo mama anayelima na kuteka maji asiambiwe na mume wake, aliyekaa ofisini kutwa, kwamba hafanyi mazoezi!

Na hapa ndipo nataka akina baba wanisikilize vizuri. Mara nyingi mke hashindwi na mazoezi, anashindwa na muda. Nani ataosha watoto? Nani atatazama chungu jikoni? Mume anayetoka kukimbia kila Jumamosi asubuhi na kurudi saa saba amejenga afya yake kwa jasho la mkewe. Afadhali apunguze mwendo wake, ashike zamu ya watoto, mke naye atoke na dada zake wa jumuiya.

Mkitoka pamoja, mwenye kasi afuate mwendo wa mwenye pole. Msitaniane juu ya unene. Neno moja kama "gunia" linatosha kumfungia mtu ndani mwaka mzima. Wengi huona ni rahisi kuzungumzia karo au mkwe wakiwa wanatembea bega kwa bega kuliko wakiwa wametazamana mezani. Wakati wa mvua ya masika, fanyeni nyumbani: kukaa na kusimama kwenye kiti mara kumi, au kusukuma ukuta kwa mikono.

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, na mama mjamzito, wazungumze kwanza na daktari. Maumivu ya kifua yakikushika njiani, simama na utafute hospitali mara moja.

Siku za matanga au za kuuguza mtoto zitakuja, na wiki nzima itapotea. Mkirudi, msijaribu kulipa deni. Rudini kwenye zile dakika kumi, baada ya ile chai ya saa kumi na moja.