Mbwa Anayekimbiza Magari: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Mafunzo

Wakazi wengi wa mijini humnunua mbwa wa German Shepherd kwa ajili ya ulinzi, na wauzaji nao humnadi kwa kazi hiyo. Ni vyema mlaji afahamu kwamba mbwa huyu alizalishwa Ujerumani, ambako chama cha kwanza cha uzao wake kiliundwa mwaka 1899, na kwamba kazi yake ya asili ilikuwa kuchunga kondoo. Alitakiwa kuzunguka pembezoni mwa kundi mchana kutwa, akimzuia kila kondoo anayeelekea katika shamba la mtu. Ukimweka mbwa wa namna hiyo katika ua mdogo wa Tabata au Sakina, bila kazi yoyote, macho yake yatatafuta kitu kinachokwenda. Mara nyingi kitu hicho ni bodaboda.

Madhara yake si madogo. Dereva wa bodaboda anayemkwepa mbwa huweza kuanguka pamoja na abiria wake. Mbwa mwenyewe huishia chini ya magurudumu. Na mmiliki huandamwa na madai ya matibabu na ya chombo kilichoharibika. Ndiyo maana wamiliki wengi, wakishaona hatari hiyo, huwa tayari kumlipa yeyote anayeahidi dawa ya haraka. Somo hili limekusudiwa kumwezesha mlaji kuifahamu kazi yenyewe, ili ajue anacholipia.

Wengi hudhani mbwa anayekimbiza magari ni mkali. Kwa kawaida si ukali. Mbwa wa kuchunga amerithi mfuatano wa vitendo: kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, na pengine kudonoa kisigino kwa meno. Gurudumu linalopita huuamsha mfuatano huo kama vile kondoo anayetoroka. Lipo na jambo la pili, ambalo ndilo linalofanya tabia hii iwe sugu. Kila gari linalokimbizwa huondoka. Sisi tunajua lingeondoka tu; lakini kwa mbwa, yeye ndiye aliyelifukuza, na ushindi huo humpa raha kuliko kipande cha nyama. Mbwa anayetoka getini kila asubuhi na kukimbiza magari kumi amekwisha kufunzwa mara kumi, na mwalimu wake ni barabara.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza haina mafunzo yoyote ndani yake. Ni kufunga geti, kuziba mwanya wa uzio, na kumtoa mbwa kwa kamba tu. Mwalimu yeyote anayekubali kuanza kazi huku mbwa akiendelea kuzurura barabarani anapoteza fedha yako, hata akiwa mjuzi kiasi gani.

Hatua inayofuata hufanyika nyumbani, mahali pasipo na gari. Mbwa hufundishwa kugeuka na kumtazama mmiliki anapoitwa jina, na kulala chini papo hapo anapoamriwa. Wachungaji wa kondoo huthamini sana amri hiyo ya pili, kwani mbwa asiyeweza kusimamishwa hafai kupelekwa penye kundi. Kila anapotii apewe kipande kidogo cha nyama au dagaa. Dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, zinatosha. Mbwa akichoka hajifunzi.

Kisha kuna suala la umbali, na hapa ndipo tunapomwomba msomaji awe makini zaidi. Kila mbwa ana umbali ambao akiliona gari hulitambua, masikio yakasimama, lakini bado anaweza kumsikia bwana wake. Akisogezwa karibu zaidi ya hapo, hasikii tena. Kwa mbwa mmoja umbali huo ni mita 20, kwa mwingine ni mita 80. Mafunzo huanzia nje ya mpaka huo: gari linaonekana, mbwa anaitwa kabla hajavuta kamba, anageuka, anapewa nyama. Gari likipita, nyama inakoma. Baada ya siku nyingi utamwona anageuka mwenyewe gari linapotokea. Hapo ndipo mnasogea mita chache. Ni busara kuanza na gari lililoegeshwa, kisha lililowashwa, kisha linalokwenda polepole likiendeshwa na mtu mnayefahamiana. Mbwa akishindwa mara mbili mfululizo, rudini nyuma bila kumgombeza. Kazi hii huchukua majuma mengi, kwa wengine miezi.

Anayeahidi kuimaliza kwa siku saba, basi, aulizwe atatumia njia gani. Jibu mara nyingi ni fimbo, gogo la kufungwa shingoni, au mkanda unaotoa shoti ya umeme. Wales ilipiga marufuku mikanda hiyo mwaka 2010. Ubaya wake mmoja ni kwamba mbwa hachagui maumivu atayahusisha na nini: akipigwa shoti wakati mtoto anapita na baiskeli, huenda akamchukia mtoto. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu.

Kabla ya kulipa, omba kutazama mwalimu akimfundisha mbwa mwingine. Makubaliano yaandikwe: idadi ya vipindi, mbinu zitakazotumika, na malipo yagawanywe kwa awamu. Dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, lakini malalamiko yasiyo na karatasi ni magumu kuyathibitisha.

Tuseme pia lisilopendeza: mbwa aliyekimbiza magari kwa miaka mingi huenda asiaminike kamwe bila kamba kando ya barabara. Mwalimu anayekueleza hivyo mapema anafaa kuaminiwa zaidi ya yule anayekufurahisha.

Mbwa mtu mzima aliyekuwa mtulivu akaanza ghafla kurukia vyombo na watu asipelekwe kwa mwalimu kwanza. Afungiwe mahali salama, na daktari wa mifugo aitwe, kwani huenda ni maumivu au kichaa cha mbwa. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mmiliki anadai mbwa wake alichanjwa. Cheti cha chanjo kionyeshwe kwa mganga huko huko.