Kufundisha Usanifu Unaopatana na Mandhari: Kituo cha Wageni Penye Nyasi

Tunapenda kuwaeleza walimu wenzetu somo la Sanaa na Jiografia tulilolijaribu kwa darasa la sita huko Mabawe, wilayani Ngara. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kubuni kituo cha wageni katika vilima vya nyasi, kwa ajili ya watu waendao Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi.

Jaribio la kwanza halikufaulu, na kosa lilikuwa letu. Tuliuliza, "Mahali gani ni pazuri?" Karibu wote wakachora nyumba ya ghorofa kileleni, yenye bati jipya linalong'aa. Ilitupasa kuuliza ni wapi nyumba itakapoonekana na yule tu anayeikaribia.

Mara ya pili tuliwatoa nje. Kundi moja lilisimamisha mti wa mita nne, wenye kitambaa chekundu nchani, mahali walipopachagua. Kundi jingine likatazama kutoka barabarani. Kitambaa kilipoonekana angani, mti uliteremshwa mpaka nyuma yake pakawa na nyasi tupu. Hapo ndipo neno "mandhari" lilipopata maana. Ubaoni tulikuwa tumelieleza bure. Baadaye walichora ramani kwa kipimo cha 1:100.

Mfano wa kuwapa ni Lobo, kaskazini mwa Serengeti, ambako hoteli ilijengwa katikati ya miamba mikubwa, nayo miamba ikaachwa palepale ilipokuwa. Katika kituo cha wageni cha Seronera kuna njia ipitayo miambani: mgeni hufunzwa huku akitembea.

Juu ya vifaa, mwalimu asiharakishe kusema kwamba nyasi ni bora. Paa la nyasi huhitaji mwinamo mkali, yapata nyuzi 45, ili maji yatiririke upesi. Tena huungua kwa urahisi wakati wa moto wa kiangazi. Ubishi ulikuwa mkubwa, nasi tuliuacha uendelee hata kipindi kikapita. Msichana mmoja alipendekeza bati lililopakwa rangi ya nyasi kavu, na ukanda uliofyekwa kuizunguka nyumba. Mzee tuliyemwalika, aliyezaliwa katika nyumba ya msonge, akamwuliza, "Na masika, mjukuu wangu, nyasi zikiwa kijani?"

Hatukumjibia. Aliomba kwanza akakitazame kilima baada ya mvua.